Maji ya Wote, Mbao za Mtu: Kwanini Wavuvi na Wenye Boti Hawaishi Kugombana Kwenye Magati Binafsi

Piga picha hii. Jumamosi asubuhi, jua halijapanda vizuri, mwenye nyumba ya ziwani katoka na kikombe chake kaenda kukaa kwenye gati la mbao alilojenga kwa hela yake, boti yake imening'inia pembeni kwenye lifti, ile mashine ya kuinua boti kutoka majini, mara anaona boti nyingine inasogea taratibu kwa mota ya umeme isiyo na kelele, juu yake jamaa wawili wamesimama na fimbo zao, salamu hamna, wanarusha chambo bandia kinateleza juu ya maji kinaingia chini ya gati kabisa, katikati ya nguzo na boti. Mwenye gati anasema "oya, hapa ni kwangu". Jamaa anajibu hata hajageuka, "maji ni ya umma mzee". Hapo ndo imeanza, na mara nyingi inaishia na simu kurekodi video na matusi ya nguvu.

Kinachofanya ugomvi huu usiishe ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Kila mmoja anaongelea kitu chake, ila anadhani mwenzake anaongelea hicho hicho. Pale gatini kuna vitu vitatu vimepandana: kuna maji, kuna ardhi iliyo chini ya hayo maji, alafu kuna mbao zenyewe na boti iliyofungwa hapo. Kila kimoja kina mwenyewe na sheria yake. Na mvuvi hapa namaanisha yule wa fimbo na ndoano, anayevua kwa starehe au mashindano, sio wa nyavu. Ntatumia mifano ya Marekani maana huko ndo magati ya watu yamepanga mstari kwenye maziwa na wavuvi wa fimbo ni mamilioni, kwa hiyo kesi zake zimeshachambuliwa sana.

Ila kabla ya sheria kuna swali ambalo kila mwenye gati analiuliza: ziwa lote hili, kwani lazima uvue chini ya miguu yangu?

Kiukweli ndio, karibu lazima. Samaki anayetafutwa zaidi kwenye maji matamu ya Marekani ni besi, yule mwenye mdomo mkubwa, na huyu ni mviziaji. Hapendi kukimbiza kitu kutwa nzima, anataka akae gizani aone nje vizuri halafu kilichoko nje kwenye mwanga kisimwone. Gati linampa hicho kivuli toka asubuhi mpaka jioni. Nguzo zikikaa majini zinaota mwani, mwani unaleta vidudu, vidudu vinaleta samaki wadogo, wadogo wanamleta mkubwa. Alafu maziwa mengi ya kusini mwa Marekani sio maziwa ya asili, ni mabwawa, mito iliyozibwa miaka mingi iliyopita, na ile miti iliyozama wakati bwawa linajaa imeshaoza, kwa hiyo maficho mengi yaliyobaki pembeni ya maji ni haya haya magati ya watu. Na wenye magati wenyewe wanaongeza utamu, wengine wanazamisha matawi chini ili samaki wajenge hapo, wengine wanafunga taa za kumulika maji usiku, taa inavuta vidudu, vidudu vinavuta dagaa, mkubwa anakuja kula. Umefungua hoteli ya samaki kisha unashangaa wateja.

Kuna mpaka ufundi maalumu wa kuvua magati. Mvuvi anarusha chambo kwa pembe ya chini sana kinadundadunda juu ya maji kama mtoto anavyorusha kijiwe bapa, kinaingia ndani gizani ambako samaki hajawahi kuona chambo kwa sababu wavivu hawafikishi huko. Ukiwa fundi ni raha hata kutazama. Ukikosea kidogo tu umepiga boti ya mtu ubavuni kwa kipande cha risasi, sio ya bunduki, ni kile kiuzito cha madini kinachokaa kwenye chambo. Hiyo risasi tutairudia.

Sasa maji. Hapa mvuvi ana nguvu na nguvu yake ni ya zamani kuliko Marekani yenyewe. Kitabu cha sheria cha mfalme Justinian wa Roma, cha mwaka 533, kinasema mito na bandari ni vya umma na kwa hiyo haki ya kuvua humo ni ya watu wote. Wazo likapita kwenye sheria za Uingereza likavuka bahari. Mwaka 1821 huko New Jersey kulikuwa na kesi inayoitwa Arnold v. Mundy, mkulima alipanda chaza mtoni mbele ya shamba lake akazungushia vijiti, mwenzake akaja akachukua chaza, mkulima akaenda mahakamani akashindwa, maana mahakama ilisema maji yale na ardhi yake ya chini ni ya wananchi wote na vijiti havibadilishi kitu. Ukiniuliza mimi, ule ndo ugomvi wa gati wa kwanza kabisa, tofauti ni kwamba badala ya besi walikuwa wanagombea chaza. Mwaka 1892 Mahakama Kuu ya nchi nzima ikaongezea kwenye kesi ya kampuni ya reli ya Illinois Central: jimbo la Illinois halikuwa na uwezo wa kuigawia kampuni ardhi iliyo chini ya Ziwa Michigan pale mbele ya Chicago ikawa yake moja kwa moja, kwa sababu jimbo linaishika kwa niaba ya watu ili wapite, wafanye biashara na wavue.

Kwa hiyo kwenye maji yanayopitika kwa chombo na ambayo ni ya umma, mvuvi aliye kwenye boti yake anaelea mbele ya gati lako kihalali, anarusha kihalali, na samaki aliyeko chini ya gati lako sio wako. Hata yale matawi uliyozamisha kwa mikono yako hayamfanyi samaki awe wako, samaki wa maji ya umma ni wa umma mpaka mtu amvue kwa kufuata sheria. Hii inawauma sana wenye magati na naelewa, mtu analipa kodi ya nyumba ya ziwani kubwa kweli kweli, kichwani mwake kodi ile ni pamoja na maji. Hapana. Anacholipia ni ardhi ya juu na haki moja muhimu sana inayokuja nayo, ya kufika kwenye maji ya kina na boti yake na kurudi. Hiyo haki ni ya kweli na mvuvi akipaki mbele ya lifti wakati jamaa anataka kutoka, hapo mvuvi ndo mkosaji.

Kwenye mabwawa ya serikali kuu wenye magati wana hali ngumu zaidi na wengi hawajui, maana hawajawahi kusoma karatasi waliyosaini. Chukua Ziwa Lanier kule Georgia, linasimamiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani. Ukingo wenyewe ni wa serikali, nyumba yako inaishia nyuma ya mstari, na gati ni kibali tu, na vibali hivyo vina kikomo, ziwa zima magati kama 10,000 na kidogo hivi. Kanuni za hicho kikosi zinasema wazi kwamba mwenye kibali asijaribu kuwazuia watu kutumia kwa uhuru maji na ardhi ya umma palipo na gati lake au jirani yake. Yaani yule anayefukuza wavuvi pale anavunja masharti ya karatasi inayomruhusu kuwa na gati! Mabwawa ya TVA, lile shirika la bonde la mto Tennessee lililoanzishwa 1933, nayo gati ni la kuombea kibali.

Ingekuwa hivyo kila mahali makala ingeishia hapa, lakini tabaka la katikati, ardhi ya chini ya maji, ndo linavuruga mambo. Wyoming, mwaka 1961, mahakama ilisema unaweza kuelea juu ya ardhi ya mtu na kuvua ukiwa ndani ya chombo, ila ukishuka ukasimama mtoni kuvua umeingia kwake. Jirani yake Colorado, mwaka 1979, mahakama ikasema hata kuelea hapana kama ardhi ya chini ni ya mtu na hajakuruhusu. Majimbo mawili yanapakana, mvuvi yule yule na boti ile ile, huku ni raia mwema kule kaingia kwa mtu bila ruhusa. Georgia mwaka 2023 mwenye ardhi kandokando ya mto Flint alidai uvuvi kwenye kipande chake ni haki yake peke yake, jimbo likakubaliana naye, wavuvi wakalipuka, na ndani ya siku chache bunge la jimbo likapitisha sheria haraka haraka siku ya mwisho ya kikao kusema watu wana haki ya kuvua kwenye maji yanayopitika.

Louisiana ndo kiboko. Pwani yake inamomonyoka, ardhi ambayo ilikuwa nchi kavu ya mtu na hati anayo leo iko chini ya maji yanayopanda na kushuka na bahari. Kwa kawaida ungesema maji ya bahari ni ya wote, lakini wenye ardhi hawataki kuachia kwa sababu chini yake kuna mafuta na gesi, na chini ikishahesabika kuwa ya jimbo basi na mafuta yake yanahama. Kwa hiyo wanaweka vizuizi na mabango, mvuvi anaingia kwenye mfereji unaofanana na mwingine wowote na anaandikiwa faini. Ilifika mahali mwaka 2017 B.A.S.S., waandaaji wakubwa wa mashindano ya besi, wakatangaza hawatafanya tena mashindano ya mapro kwenye maji ya Louisiana yanayopanda na kushuka, mpaka ieleweke nani anaruhusiwa wapi. Kwa hiyo ukiwa mvuvi usitembee na ile sentensi ya "maji ni ya umma" kama pasi ya kusafiria, kuna maji ambayo sio. Na kuna maziwa madogo ya watu au ya chama cha wakazi ambapo ukingo wote na chini yote ni vyao, huko hata kuelea ni kwa ruhusa.

Haya, mbao. Hapa hamna utata mwingi na hapa ndo wavuvi wanajisahau. Gati ni mali ya mtu hata kama maji chini yake ni ya umma. Kupanda juu yake kuvua ni kuingia kwa mtu bila ruhusa. Kufunga boti yako kwenye nguzo yake vile vile. Sogea hata kwenye maegesho ya biashara ya boti, pale unakuta mtu wa nje kaingia kwa miguu kakaa na fimbo mwisho wa gati na mshipi umekatiza njia ya boti, mwenye maegesho akimtoa ana haki yote, ni sehemu yake na wateja wake wamelipa.

Tatizo ni kwamba ndoano haiheshimu matabaka. Imetoka kwenye mkono wa mtu aliye kwenye maji ya umma, inatua kwenye turubai la boti ya mtu binafsi. Miili ya wavuvi haijavuka mpaka, ndoano zao zimevuka. Na wenye boti ukiwasikiliza vizuri wengi hasira yao sio uvuvi, ni vitu vinavyobaki baada ya mvuvi kuondoka.

Cha kwanza ni mshipi, na hiki wavuvi wengi hawakijui kabisa kwa sababu madhara yanatokea wao wameshafika nyumbani. Chambo kimenasa kwenye nguzo, mvuvi anavuta, mshipi unakatika, mita kadhaa zinabaki zinaelea. Mwenye boti anashusha boti, anawasha, propela inaukusanya ule mshipi unajizungusha kwenye shafti nyuma ya propela. Unakaza, unasagika na joto, unakula ile sili inayozuia maji. Sili ikishakatika oili ya gia inavuja nje na maji yanaingia ndani, siku ya sevisi fundi anafungua anakuta oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, na gia zikishazunguka kwenye hiyo chai kwa muda bili yake sio ya mchezo. Mtu hajui hata nani alaumiwe. Ndo maana kuchomoa propela na kuangalia shafti mara kwa mara ni kazi ya lazima kwa mwenye boti anayekaa kwenye maji ya wavuvi.

Cha pili ni ndoano zenyewe. Vyambo vingi bandia vina ndoano za midomo mitatu, mbili au tatu kwa chambo kimoja. Kikinasa kwenye kamba ya boti na mvuvi akakata na kwenda zake, kamba ile kesho inashikwa na mkono wa mtu, au mtoto anaogelea anashika nguzo, au anakimbia pekupeku. Ndoano ina mwiba wa nyuma, haitoki ilivyoingia. Turubai nalo likitobolewa na kuvutwa kwa nguvu linachanika, na maturubai ya boti yanashonwa kwa vipimo, sio la kununua dirishani. Na ile risasi niliyosema tutairudia: boti za faiba zina koti gumu la juu linalong'aa, kipande cha risasi kikiligonga kinaacha kijidonda, kimoja hukioni, baada ya msimu mzima ubavu umejaa.

Sasa na wenye magati nao wana mambo yao, na mimi hapa siwatetei hata kidogo. Kuna wanaofungulia bomba la maji kuwamwagia watu. Wanaowasha injini ikiwa kwenye lifti ili kelele ifukuze samaki, kitu cha ajabu kwa sababu injini inayopozwa kwa maji ya ziwa ukiiwasha juu hewani bila maji unaiua mwenyewe, pampu yake ina mpira ndani unaungua kwa muda mfupi sana. Wanaorusha mawe. Wanaotoka na jetski, ile kama pikipiki ya majini, kuzunguka boti ya mvuvi kwa makusudi. Karibu kila jimbo lina sheria inayokataza kumsumbua makusudi mtu anayewinda, na mengi yameweka na uvuvi humo humo, kwa hiyo mwenye gati anayemwaga maji anaweza kujikuta yeye ndo kashtakiwa huku alikuwa anajiona mlinzi wa mali yake. Na hiyo jetski, majimbo kama Georgia na Wisconsin yanataka chombo kinachopita ndani ya futi 100 kutoka kwenye gati, mita 30 hivi, kiende polepole bila kutengeneza mawimbi. Sheria hii inawasaidia wenye magati wenyewe, magati yao yasitikiswe, alafu wao wenyewe wanaisahau wakiwa na hasira.

Kuna jambo moja kwenye maji matamu linalopaswa kuwanyamazisha wote wawili, umeme. Magati mengi yana umeme wa lifti na taa. Waya ukichubuka umeme unavujia majini, na kwa kuwa mwili wa mtu unapitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, unapita kwa mtu, misuli inakamatika, anazama kimya kimya na watu wanadhani alishindwa kuogelea tu. Kwa hiyo yule mvuvi anayeruka majini kufuata chambo chake cha bei chini ya gati la mtu anacheza na kitu kikubwa kuliko kesi. Kata mshipi, kachukue kingine.

Wavuvi waliokaa kwenye hii michezo muda mrefu wana tabia ambazo hazijaandikwa popote ila ukizifuata ugomvi unapungua sana. Ukikuta watu wamekaa kwenye gati au watoto wanaogelea, unaruka unaenda la pili, magati yapo mengi. Hata kama sheria inakuruhusu. Chambo cha kuingiza ndani kabisa kiwe cha ndoano moja iliyofichwa ndani ya mpira, hakinasi ovyo, ile ya midomo mitatu iachie maji ya wazi. Rusha sambamba na boti, usirushe kuielekea. Na salamu, jamani, "habari za asubuhi, tunapita tu" imemaliza ugomvi mwingi kuliko kifungu chochote. Kwa upande wa mwenye gati, ukiona mtu anavunja vitu piga picha ya namba ya boti, zimeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, uwaite askari wa wanyamapori, wao ndo wanajua ziwa lile liko kwenye sheria ipi.

Kinabaki kipengele kimoja kinachowasumbua hata waungwana. Umerusha, umekosea, ndoano imekaa kwenye turubai la boti ya mtu na mwenyewe hayupo. Ukisogea ukaigusa boti umegusa mali ya mtu bila ruhusa. Ukikata mshipi ukaondoka umeacha ndoano tatu na kipande cha mshipi juu ya propela ya mtu. Ukivuta kwa nguvu unachana. Niliowauliza upande wa wenye boti, na niliuliza wengi kidogo maana nilitaka nijue, walijibu karibu neno moja: njoo taratibu, zima mota, itoe kwa mkono, usipande juu, na kama umechana niachie namba yako kwenye karatasi.